Kijiti Kimoja cha Wanja

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipowekewa kanga mbili mapajani nikaambiwa nichague, nikashindwa. Si kwamba zote zilikuwa nzuri mno. Nilishindwa kwa sababu sikuziona. Nilikuwa bibi harusi, nimewekwa ndani kwetu Mtoni, siku hizo Mwingereza bado anatawala, na jicho langu la kulia lilikuwa likienda zake taratibu huku watu wazima wenye akili timamu wakinipaka wanja juu yake.

Nitakuhadithia, lakini kama unasoma haya kwenye mwanga hafifu, sogea dirishani kwanza. Nitakungoja.

Haya. Zamani zile msichana akishaposwa na mahari ikapokelewa, aliwekwa ndani. Hatoki, haguswi na jua, hachoti maji, hashiki mchi. Asubuhi na jioni anasuguliwa singo mpaka ngozi inang'ara, anafukizwa udi, na somo wake anamfundisha mambo ya nyumba na ya unyumba. Dirisha la chumba changu lilizibwa kwa gunia ili jua lisije likaharibu kazi ya singo. Nami niliyapenda hayo, sitaki kukudanganya. Nilikulia katika kutwanga na kubeba ndoo, mara ghafla nikawa mtu wa kuletewa maandazi na kuambiwa nisitembee kwa haraka. Nani angekataa?

Somo wangu alikuwa jirani yetu, Bi Sauda, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa na mikono mizuri. Alasiri wasichana wa mtaani walikuja kunipunguzia upweke. Tulikaa mkekani tukiimba kwa sauti ndogo, na Bi Sauda akatoa kikopo chake cha wanja. Kikopo kimoja, na kijiti kimoja, kilicholainika kwa kutumika miaka na miaka. Alianza na mimi, akaja kwa Zaina, ambaye ni dada wa mchumba wangu Omari, akaendelea na wa tatu na wa nne, kila mara akirudi kuchovya kikoponi. Kila jicho liliacha chake pale na kuchukua cha mwenzake. Hakuna aliyewaza hivyo. Kwetu kupaka wanja kwa kijiti kimoja ndio ulikuwa udugu wenyewe. Msichana ambaye angekuja na kijiti chake wangemwambia ana kinyaa, na mtu wa kinyaa hapendwi harusini.

Hazikupita siku nyingi jicho likaanza kuniwasha kama lililoingiwa na mchanga. Nikiamka, kope zimegandana. Nikamwambia somo. Akalitazama mlangoni, akatikisa kichwa.

"Kijicho hicho, mwanangu. Watu wamekuona unang'ara."

Akaenda nyumba ya pili kwa mama aliyekuwa ananyonyesha, akarudi na maziwa kwenye kikombe, akanidondoshea. Nilihisi nafuu kidogo, au nilitaka tu kuhisi nafuu. Kesho yake akanidondoshea asali. Mwanangu, asali kwenye jicho lenye kidonda! Nililia mpaka mama akaja mbio, na Bi Sauda akamtuliza kwa kumwambia machozi ndiyo yanayotoa uchafu. Kisha, ili wageni wasione wekundu, akanizidishia wanja. Kwa kijiti kile kile.

Mama alijua. Namsema bila kumlaumu, Mungu amrehemu, maana naye aliogopa. Habari ikitoka kwamba bibi harusi ana jicho bovu, ukweni watasema wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Na mtaani kwetu neno "chongo" lilikuwa likimganda mtu hadi kaburini. Palikuwa na bwana mmoja mwema sana, fundi wa kuezeka, aliyeitwa Chongo mpaka wajukuu zake wenyewe wakawa hawalijui jina lake la kuzaliwa. Mama hakutaka binti yake awe mtu wa pili wa jina hilo.

"Vumilia," aliniambia. "Harusi ikipita tutatafuta dawa."

Nikavumilia. Giza la chumba likanisaidia kujidanganya, kwa sababu jicho linaloumwa haliutaki mwanga, na mle ndani nilijiona nimepoa. Nilianza kushusha pembe ya mtandio juu ya uso kila wageni wakiingia, na wao wakasifu, eti bibi harusi ana haya huyo, amefundwa akafundika. Kumbe hiyo haya ilikuwa usaha mtupu.

Lakini nilipobaki peke yangu nilijipima. Nilifumba jicho la kushoto nikatazama mlango kwa la kulia. Mwanzo niliona umbo la mlango. Baadaye nikaona ukungu mweupe tu. Na la kushoto nalo likaanza kuwasha na kutiririka. Niliogopa, mwanangu, niliogopa mpaka chakula kikanikataa. Omari nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa kuchungulia, akipita na msumeno begani, maana alikuwa seremala. Nilipenda alivyotembea. Nikawa nawaza kwamba siku atakaponifunua uso, mimi sitamwona vizuri, naye ataniona vizuri sana, na asubuhi yake atanirudisha kwetu.

Basi ndipo akaja shangazi yangu.

Shangazi Mwanaisha alikuwa dada yake baba, akiishi Mbagala, mkaanga samaki, na ulimi wake hata baba aliuogopa. Kwa mila zetu harusi ya binti haisogei bila shangazi, kwa hiyo alifika na sauti yake na kanga zake mbili, akaziweka mapajani mwangu.

"Chagua, mwanangu. Moja utaondoka nayo hapa, nyingine nitajifunga mie siku ya harusi."

Nikazipapasa. Niliona weusi mahali palipotakiwa kuwa na rangi. Nikajitia ujasiri, nikainua moja.

"Hii nyekundu nzuri zaidi, shangazi."

Sikujua kwamba wala hii wala ile haikuwa na hata uzi mmoja mwekundu.

Shangazi hakupiga kelele. Alisimama, akaenda dirishani, akalishika lile gunia na kuling'oa. Mwanga wa saa nne ukaniingia usoni, nikapiga ukelele na kujifunika kwa mikono yote miwili. Akaagiza maji safi na kitambaa kilichofuliwa. Akanishika kidevu, akanifuta wanja polepole mpaka ukaisha wote, na chini ya wanja akakuta alichokikuta. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na Bi Sauda nyuma yake.

"Somo," shangazi aliuliza kwa upole uliotisha, "umemfundisha mwanangu namna ya kumtazama mumewe?"

"Nimemfundisha, dada."

"Atamtazama na nini?"

Mama ndiye aliyejaribu kujibu.

"Wifi, harusi ni Alhamisi. Tukimtoa sasa watu watasema."

"Waseme. Wakichoka kusema watakwenda kulala na macho yao mawili. Huyu je?" Kisha akanigeukia, na mimi nilidhani nitapata pole. Wapi! "Na wewe! Mtu wa kuolewa kesho kutwa, unashindwa kusema 'sioni'? Aibu gani hiyo inayokula macho ya mwenyewe? Mficha maradhi, kilio humfichua. Unawekwa ndani ili siku yako watu wakuone, si ili wewe usiwaone watu. Simama!"

Kemeo hilo bado nalisikia. Lilinichoma kuliko ile asali, na tofauti yake ni kwamba lenyewe lilikuwa dawa.

Kumtoa bibi harusi nje mchana wa jua kabla ya siku yake lilikuwa jambo lisilosikika. Nilivishwa buibui nikafunikwa mpaka usoni, shangazi akanishika mkono, tukapita mbele ya baraza zote za mtaa wetu. Nilisikia mazungumzo yakikatika kila tulipopita, kisha yakianza tena nyuma yetu kwa sauti ya chini. Shangazi aliwaamkia wakubwa na kuwapungia wadogo kama mtu anayekwenda sokoni. Tulipofika barabara ya Kilwa akasimama katikati, mkono juu, mpaka lori lililobeba nazi likasimama. Nadhani dereva alimwogopa. Tukapanda mbele, nikaficha uso kifuani mwa shangazi, kwenye harufu yake ya samaki na mafuta ya nazi, na kwa mara ya kwanza tangu jicho liniume nikalia bila kujizuia.

Hospitali ya mjini ilikuwa na benchi refu barazani, watu wamejaa. Tulipata nafasi mwishoni. Mara shangazi akanibana mkono.

"Usigeuke," akaninong'oneza. "Mama mkwe wako yule pale."

Bi Rukia, mama yake Omari, ameketi upande wa pili wa benchi lile lile! Tumeumbuka, nikajisemea, harusi imekwisha. Lakini shangazi, aliyekuwa akichungulia kwa pembe ya jicho, akasema mbona naye amejifunika hadi puani. Kweli, Bi Rukia alipomtambua shangazi aligeuka haraka akatazama ukuta. Shangazi naye akatazama ukuta wa kwake. Wanawake wawili wazima, wanaojuana vizuri, kila mmoja anasoma chokaa kana kwamba imeandikwa kitu.

Wakaendelea hivyo mpaka dresa, msaidizi wa daktari, akatoka na kuita, "Zaina!" Msichana aliyekuwa ameinama kando ya Bi Rukia akainuka, akapiga hatua, akajikwaa kwenye miguu ya watu, akaniangukia mapajani. Mtandio wake ukamtoka, wangu nao ukanitoka. Macho yake mekundu yakatazamana na yangu mekundu, pua kwa pua.

"Wifi!"

"Wifi!"

Bi Rukia akaja mbio akishika kichwa. "Jamani, msituvunjie harusi! Tulidhani ni kijicho, tumehangaika kwa waganga. Tuliogopa nyie mtasema sie ndio tuliowaletea ugonjwa."

"Na sie tulikuwa tunawaficha nyie!" shangazi akasema.

Wakatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Walicheka wakashikana mabega, wakacheka mpaka dresa akawauliza kama wamekuja kutibiwa au wamekuja ngomani. Mimi na Zaina tulicheka na kulia pamoja, na macho yakituuma zaidi. Sijapata kuhisi mzigo ukinitoka kifuani vile. Siku zote hizo nilikuwa nikijificha kwa watu ambao nao walikuwa wanajificha kwangu.

Daktari alikuwa Mgoa, Mhindi wa Goa, mfupi mwenye miwani, Kiswahili chake cha kukatakata lakini kinafika. Alitugeuza kope, akatumulika, akatuuliza tumeshirikiana nini. Chakula? Kitanda? Zaina na mimi tukajibu kwa pamoja: wanja. Akauliza kijiti kilikuwa cha nani. Tukasema cha wote. Akavuta pumzi. Akatueleza kwamba ugonjwa ulipanda kijiti kile ukawa unashuka kwenye kila jicho, na kwangu mimi vile vitu nilivyodondoshewa vimeongezea kidonda kwenye kioo cha jicho. Akamtazama shangazi, si mimi.

"Bado iko nafasi. Mngengoja harusi, mimi ningekuwa na pole tu ya kuwapa."

Alitupa marhamu, akanifunika jicho la kulia, akasema turudi kila atakapotuita. Na kitu kingine kisiingie jichoni, hata kama kimetoka kwa nani.

Harusi ikasogezwa. Nikawa nangoja Omari atasema nini. Bi Rukia mwenyewe ndiye aliyeleta jibu, akiwa amejaa tabasamu. Omari kasema hata ubao anaungoja ukauke ndipo auchonge, sembuse mke. Nikamwomba ayarudie maneno hayo. Akayarudia.

Na Bi Sauda? Usimchukie, mwanangu. Aliposikia habari alizunguka nyumba hadi nyumba kwa wasichana wote aliowapaka, akiwaambia bila kupepesa macho kwamba ugonjwa umetoka kwake na waende hospitali. Si kila mtu mwenye kosa ana ushujaa huo. Kisha akaja kwetu jikoni na kile kijiti mkononi. Alikirithi kwa mama yake. Akampa shangazi, shangazi akakitia motoni chini ya sufuria, na Bi Sauda akasimama pale akikililia mpaka kikaisha. Shangazi alimkumbatia. Hayo pia niliyaona, kwa jicho la kushoto lililokuwa limeshapona.

La kulia lilichukua muda wake. Ukungu haukuondoka kwa pupa. Siku daktari alipolifunua kwa mara ya mwisho, shangazi alikuwepo, na akafungua kifurushi alichobeba tangu Mbagala. Kanga zile zile. Akaniwekea mapajani, akanifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake.

"Chagua."

Moja ilikuwa ya kijani. Nyingine ya zambarau, ina michoro ya korosho pembezoni. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nafurahi.

"Hakuna nyekundu hapa, shangazi. Umenilaghai."

Yule mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha samaki aligeuka dirishani akajifuta uso. Nikachagua ya zambarau.

Harusi ikawa. Kila msichana alikuja na kijiti chake, amekifunga kwenye leso, na hakuna aliyeitwa mwenye kinyaa. Na Omari aliponifunua uso, mwanangu, nilisahau mafunzo yote ya somo. Badala ya kuinamisha kichwa nilimtazama kwa macho yangu mawili, nikamtazama vizuri, mpaka yeye ndiye aliyeona haya akatazama chini. Alinitania kwa hilo maisha yetu yote.

Sasa nisikilize. Kwenye pembe ya jicho langu la kulia bado kuna kidoa cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Hakinizuii kitu. Namshukuru Mungu hakikuwa kikubwa zaidi, na nakitumia kuwaonyesha mabinti wa ukoo huu kila anayeolewa. Wanja paka, sikukatazi, ni pambo letu. Ila uwe wako na kijiti chako. Taulo la kufutia uso vivyo hivyo. Mtoto akiamka ana tongotongo, mnawishe kwa maji safi, usimwache nzi wamtembelee usoni ukasema ndio utoto. Jikoni kwenye moshi fungua mlango. Na jicho si kidonda cha goti, hata hicho cha goti usikichezee. Usilitie maziwa, usilitie asali, usilitie dawa aliyoandikiwa jirani kwa ugonjwa wake. Nenda kwa wanaojua macho, na uende mapema, maana ngoja ngoja huumiza matumbo, na macho huyaumiza zaidi.

Uzeeni ukungu ulinirudia, safari hii mtoto wa jicho. Mara hii sikungoja kung'olewa gunia. Nilijiendea mwenyewe nikasema sioni, nikapasuliwa, nikapona. Sasa navaa miwani na sioni aibu. Nina mzee mwenzangu hapa jirani anaikataa miwani, eti itamzeesha. Juzi kamwamkia mbuzi shikamoo.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Jicho langu halikukaribia kufa kwa sababu ya kijiti peke yake. Kijiti kilileta ugonjwa, aibu ndiyo iliyoutandikia kitanda. Sote tulikuwa tunafichana, kwetu na ukweni, na lau shangazi asingeleta kanga zile, Zaina na mimi tungekutana siku ya harusi tukiwa wawili wasioonana. Neno "sioni" halimvunji mtu heshima. Liseme likiwa bado dogo.

Mungu akupe macho ya kuwaona wanao, na ya kuwaona wana wa wanao. Akulinde na kijiti cha watu wote. Na siku ukungu utakapokujia, akupe ulimi mwepesi wa kusema, na akikuona umenyamaza, akutumie shangazi wa kung'oa gunia dirishani. Amina.